Wazee wawili na funguo za kigango



Likizo mbili zilizopita nilipangiwa uchungaji katika kigango kimoja pembezoni mwa Jiji la Dar es Salaam, upande wa Mbagala. Nilifika na begi, gitaa na daftari lenye mipango ya miezi miwili: semina ya vijana, mazoezi ya kwaya, mafundisho ya ndoa, mashindano ya Biblia. Baba Paroko alilisoma daftari lile kwa heshima, akalifunga, akaniambia, "Frateri, utalala ofisi ya kigango na utakula kwa Mzee na Mwalimu. Wiki ya kwanza usipange kitu. Wafuate tu."

Niliwafuata, na makala hii imetokana na kuwafuata. Maoni yangu ni haya: parokia zetu za mijini zina wanandoa wastaafu wengi wenye imani, wenye afya ya kutosha na wenye muda, nasi tunawakumbuka wakati wa harambee na wakati wa kubeba vipaji. Tungepaswa kuwatuma. Nasema kuwatuma, kwa jina, kwa muda unaojulikana na kwa nauli mkononi, kama wanavyotumwa makatekista, watawa na sisi mafrateri. Na pale ambapo tayari wanaifanya kazi hiyo, tuache kuwachukulia kama kisima ambacho kila mtu anachota na hakuna anayeuliza maji yanatoka wapi.

Majina yao siandiki, maana hawakupenda. Mzee ana miaka 68. Alikuwa fundi wa injini katika reli ya TAZARA, na mtaani wengi humwita Mzee wa Reli. Mkewe ana miaka 65, alifundisha shule ya msingi maisha yake yote ya kazi, na kila mtu humwita Mwalimu, hata mumewe. Kama wastaafu wengi wa Dar es Salaam, mpango wao ulikuwa kurudi nyumbani. Walikuwa wamejenga nyumba ya tofali za kuchoma Njombe na kupanda parachichi. Walingoja tu Mwalimu atimize miaka 60 apate kiinua mgongo chake. Mwezi ule ule alipostaafu, Paroko wa wakati huo aliwaomba wakae kwenye kigango kipya ambacho hakikuwa na katekista. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na vyumba viwili. Aliwaomba mwaka mmoja tu. Mwaka ule mmoja sasa una miaka mitano.

Siku yao huanza saa 11 alfajiri. Mzee hufungua geti na mlango wa ukumbi, kwa sababu kuna akina mama wauza vitumbua na chapati ambao hupita kusali kidogo kabla ya kuwasha majiko barabarani. Mwalimu husali nao fungu moja la rozari, wanaondoka. Halafu humpima Mzee presha kwa kile kimashine walichonunuliwa na mtoto wao, wanakunywa dawa na chai ya tangawizi na mihogo, kisha wanasoma masomo ya Misa ya siku hiyo. Mwalimu husoma somo la kwanza, Mzee husoma Injili. Baada ya hapo hukaa kimya muda mrefu kuliko nilivyozoea mimi, ambaye hufundishwa tafakari kwa ratiba na kengele.

Jumanne na Alhamisi ni siku za wagonjwa. Mzee ana ruhusa ya kupeleka Komunyo Takatifu majumbani. Mwalimu hubeba mfuko wenye mshumaa, kitambaa cheupe, na mara nyingi pakiti ya unga na kipande cha sabuni. Siku ya kwanza tulikwenda nyumba sita, na ilituchukua saa nne. Nilipiga hesabu: sala na Komunyo kwa nyumba zote havikufika saa moja. Muda uliobaki Mzee alitengeneza kitasa cha mlango wa mama mmoja aliyepooza mguu. Mwalimu alimsomea bibi mmoja karatasi ya hospitali, akamwandikia tarehe ya kurudi kwenye kalenda kwa kalamu nyekundu. Mzee alimpigia simu kijana aliyeko Mwanza ambaye hakuwa amempigia baba yake miezi mitatu, akazungumza naye bila kumkaripia, kisha akampa baba simu. Kimoyomoyo nilikasirika. Niliona tunapoteza muda ambao ningeutumia kuandaa semina yangu.

Mchana hulala, na hilo Mwalimu halina mjadala kwake. Alasiri watoto huja kwa mafundisho ya Komunyo ya kwanza. Mwalimu aligundua kwamba baadhi yao, ingawa wako darasa la nne, hawawezi kusoma sawasawa, kwa hiyo nusu saa ya kwanza ni ya kusoma na nusu saa ya pili ni ya katekisimu. Jioni huhudhuria jumuiya moja au nyingine. Usiku hugongewa.

Nieleze kuhusu kugongewa. Usiku mmoja, kama saa 5, nilisikia mwanamke analia getini. Alikuwa amepigwa na mumewe, na mume alikuwa nyuma yake, amelewa, anataka arudi. Mwalimu alimwingiza mama yule ndani akafunga mlango. Mzee alitoka, akamshika mume mkono, akamkalisha kwenye benchi la ukumbi, akakaa naye pale mpaka pombe ikamtoka. Asubuhi Mwalimu alimsindikiza mama kwenye dawati la jinsia la polisi, maana alisema sala haizuii kofi la pili. Nikajiuliza: mwanamke yule angegonga kwa nani mwingine? Kwangu mimi, kijana wa kiume, ninayelala peke yangu ofisini? Nyumba ya mapadri iko mbali, na kufika kwake usiku kunahitaji nauli ya bodaboda. Na kama pale getini angekuwepo mtu mmoja tu, angemsitiri nani na kumtuliza nani? Kazi ile ilihitaji watu wawili, mwanamume na mwanamke, wenye umri ambao hata mlevi anauogopa.

Hapa ndipo ninapotaka tulitazame jiji. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Dar es Salaam watu 4,364,541. Ya mwaka 2022 ilihesabu 5,383,728. Katika miaka kumi umeongezeka mkoa mzima wa watu, zaidi ya milioni moja. Wengi wao wamekuja bila mjomba, bila shangazi, bila msimamizi wa Ubatizo. Wamepanga chumba kimoja, mwakani watahamia kwingine, na daftari la jumuiya halijui. Kijijini kijana akikosea, yuko mzee wa kumwita pembeni. Mjini anaitwa na mwenye nyumba, tena kuhusu kodi. Maaskofu wa AMECEA walipoziweka jumuiya ndogondogo kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, walitaka Kanisa liwe mahali ambapo watu wanafahamiana. Mahali pa wapangaji wanaohama, kufahamiana kunahitaji mtu asiyehama, na katika kigango kile watu hao wasiohama ni wawili.

Sasa nikiri kosa langu. Jumapili ya tatu niliombwa kuongoza ibada na kutoa tafakari. Nilichagua kuzungumzia uchumba sugu. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na hoja tatu, na sauti yangu ilipanda. Baadhi ya watu walitikisa vichwa kwa kukubali, nami nikadhani nimefanya vizuri. Jumapili iliyofuata mama mmoja mwenye genge la mboga pale njiani hakuja, wala mwenzake, dereva wa bodaboda, ambaye alikuwa ameanza kuja kanisani mwezi ule baada ya miaka mingi.

Mwalimu hakusema neno kanisani. Usiku, tulipomaliza ugali na dagaa, alimwomba Mzee akaangalie geti, kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Frateri, ulichosema ni kweli. Ila uliwasema watu ambao huwajui. Yule kijana anadaiwa mahari. Baba mkwe hataki kusikia habari za kanisa mpaka amaliziwe. Wamekaa hivyo miaka tisa, na yule mama hukaa benchi la mwisho kila Jumapili ili asionekane kwamba hapokei."

Sikuwa na jibu. Nilimkumbuka Apolo katika Matendo ya Mitume, yule msomi kutoka Aleksandria, fasaha wa maneno, mwenye bidii, aliyekuwa akifundisha kwa usahihi ila alikuwa na pengo katika alichokijua. Akila na mkewe Prisila walimsikia katika sinagogi. Hawakumkatiza mbele ya watu. Walimchukua kwao, wakamweleza njia ya Mungu kwa ukamilifu zaidi. Akila na Prisila walikuwa mafundi wa kushona mahema, walifukuzwa Roma, wakaishi Korintho, wakahamia Efeso, na Paulo anapotuma salamu zake anataja Kanisa lililokuwa nyumbani mwao. Maandiko hayatuambii umri wao. Yanatuonyesha tu kwamba katika miji ile mikubwa, nyumba ya mke na mume ilikuwa mahali ambapo mhubiri aliweza kurekebishwa bila kuaibishwa. Mimi nilirekebishwa hivyo hivyo, nikiwa na mabaki ya ugali vidoleni.

Kilichofuata sikukifanya mimi. Wazee wale walianza kwenda kula kwa wale wawili, na wao kuja kula pale kigangoni. Suala la ndoa halikutajwa kwa wiki kadhaa. Halafu Mzee akaomba namba ya baba mkwe. Alimpigia mara nne, mzee kwa mzee, akapanda basi mpaka Morogoro kwenda kumwona. Baba yule alikubali mahari iliyobaki ilipwe kidogo kidogo, akatoa baraka zake. Mimi nilikuwa nimeshasharudi seminari. Ndoa ilifungwa Jumamosi asubuhi, bila ukumbi wala kamati, na pilau ililiwa na watu kumi na wawili. Nilitumiwa picha. Ningempigia mimi mzee yule wa Morogoro, angeniuliza baba yangu yuko wapi.

Sisi wa falsafa tumesoma kwamba Aristotle, katika kitabu cha pili cha Retorika, hakuwahurumia wazee. Anasema wamedanganywa mara nyingi, kwa hiyo hawaamini haraka. Anasema wanaishi kwa kumbukumbu kuliko kwa matumaini, kwa sababu maisha yaliyobaki ni mafupi na yaliyopita ni marefu. Kuna ukweli hapo. Mzee huhesabu chenji ya daladala mara mbili, na Mwalimu anaweza kukueleza kila mtoto aliyemfundisha alikaa dawati gani. Lakini kumbukumbu yao ndiyo waliyotumia kwa yule kijana wa bodaboda. Mzee alijua baba mkwe anajisikiaje, kwa sababu amewahi kuwa baba mkwe. Na kuhusu matumaini, Mtakatifu Thoma wa Akwino anatusaidia kutofautisha. Anakubali kwamba vijana wanalo wimbi kubwa la matumaini ya kibinadamu, kwa kuwa damu yao inachemka na mbele yao kuna muda mrefu. Ila fadhila ya matumaini ni jambo jingine. Hiyo inamwegemea Mungu, na kwa hiyo haipimwi kwa miaka iliyobaki. Aliyesafiri mpaka Morogoro kwa ajili ya mahari ya mtoto asiye wake alikuwa na matumaini kuliko mimi na daftari langu.

Aristotle huyo huyo, anapozungumzia urafiki katika Maadili ya Nikomako, anakumbusha msemo wa kale kwamba watu hawawezi kufahamiana kabla hawajala chumvi pamoja kwa muda mrefu. Na Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Lumen Gentium namba 33, unafundisha kwamba kuna mahali na mazingira ambamo Kanisa linaweza kuwa chumvi ya dunia kwa njia ya walei tu. Nilikuwa nimeyasoma yote mawili darasani. Nilikuwa sijaona yakikutana katika sufuria moja.

Ningeweza kuishia hapa, na makala ingekuwa sifa kwa wazee wetu. Lakini kuna jambo nililoliona likizo ya pili, na ndilo lililonifanya niandike.

Nilipofika safari ile, Mwalimu alikuwa anachechemea. Hata hivyo, Jumanne alibeba mfuko kama kawaida. Siku moja tulikuwa tunachambua maharage, akasema bila kuniangalia, "Frateri, nimechoka. Na katika miaka hii yote hakuna aliyeniuliza." Akaingia ndani, akanitolea daftari. Mwalimu ni mwalimu, huandika kila kitu. Humo kulikuwa na nauli zote za miaka mitano, unga, sabuni, vocha za simu, dawa za wagonjwa, umeme wa ukumbi, na ile safari ya Morogoro. Vyote vimetoka kwenye pensheni zao. Hakuwa anadai. Alitaka tu mtu mmoja aone.

Aliniambia pia kwamba dada yake alifariki Njombe na walifika wakakuta ameshazikwa. Watoto walikuwa katika juma la mwisho la maandalizi ya Komunyo ya kwanza, na hakukuwa na mtu wa kumwachia funguo za kigango. Ana mjukuu Arusha mwenye miaka miwili ambaye amemwona kwenye simu tu. Nilipomuuliza Mzee, alijibu kwa ukali ambao sikuuzoea, "Tukiondoka, geti atafungua nani?" Jioni ile waligombana. Kwa siku mbili walizungumza kupitia kwangu. "Frateri, mwambie Mzee chai iko mezani." "Frateri, mwambie Mwalimu nimeshaiona." Siku ya tatu Mzee alimfulia mfuko wa wagonjwa na kuuanika, wakacheka, yakaisha. Lakini swali la Mwalimu halikuwa limejibiwa.

Nami nasema kosa si la Mzee, wala si la Paroko mmoja. Ni mazoea yetu sote. Tuliwapokea wakasaidia, tukaona wanaweza, tukanyamaza. Hakuna siku mtu alisimama akasema: mwaka tuliowaomba umekwisha, ahsanteni, je, mnaweza kuongeza? Padri ana likizo. Sista ana likizo. Frateri ana ratiba inayosema tarehe ya kwenda na ya kurudi. Wazee wawili waliotoa uzee wao kwa ajili ya kigango hawana hata karatasi moja inayosema wametumwa. Utakatifu wao haufuti deni letu.

Najua yatakayosemwa. Wengine watasema wazee wapumzike, wamefanya kazi ya kutosha. Kweli, wapumzike, na kwa sababu hiyo nataka muda wao ujulikane. Lakini tusifanye kupumzika kuwe sawa na kusahauliwa. Mjini wapo wastaafu wengi wanaokaa sebuleni na televisheni kutwa, watoto kazini, wajukuu shuleni, na hakuna anayehitaji chochote kutoka kwao. Kama wapo wanaopenda kutumika, waulizwe. Wakikataa, heshima yao ibaki pale pale.

Wengine watasema kazi hii ni ya mapadri, watawa na makatekista. Someni Apostolicam Actuositatem namba 11. Mtaguso unataja utume wa familia kwa mambo ya kawaida kabisa: kuwakaribisha wageni, kuwaandaa wachumba, kusaidia katekesi, kuwa karibu na ndoa zilizo katika misukosuko. Ni kana kwamba mtu amepita Mbagala akaandika ratiba ya Mzee na Mwalimu. Kanisa limekwisha kuthibitisha pia kwamba njia hii ya ndoa hufika mbinguni. Tarehe 21 Oktoba 2001 Mtakatifu Yohane Paulo II aliwatangaza Luigi na Maria Beltrame Quattrocchi kuwa wenyeheri, wanandoa wa kwanza kutangazwa pamoja. Luigi alikuwa mwanasheria, na maisha yao ya familia yalikuwa katika jiji la Roma, kati ya ofisi, watoto na wageni mezani.

Na wapo watakaosema vijana wa siku hizi hawawasikilizi wazee. Nilidhani hivyo pia. Kijiwe cha bodaboda kilicho jirani na kigango humwita Mzee awaamulie wanapogombania abiria au pesa ya chama chao, na miongoni mwao wamo Waislamu na Walokole. Wanamsikiliza kwa sababu amewahi kuwatengenezea injini bila kuwadai, na kwa sababu yuko pale kila siku. Penye wazee haliharibiki neno, ila lazima wazee wenyewe wawepo.

Napendekeza basi mambo machache, ambayo parokia yoyote ya mjini inaweza kuyafanya bila kungoja mfadhili.

Kwanza, jumuiya zipendekeze wanandoa wastaafu, na Paroko awaulize mke na mume kila mmoja kwa nafasi yake. Nilichojifunza kwa Mwalimu ni kwamba mume anaweza kujibu ndiyo kwa niaba ya goti la mkewe.

Pili, watumwe mbele ya waamini, kwa mwaka mmoja. Mwaka ukiisha waulizwe upya. Kila mwaka wawe na mwezi mmoja wa kwenda nyumbani, na nauli ya mwezi huo itoke parokiani.

Tatu, bajeti ya parokia iwe na mstari wa nauli, simu na bima ya afya yao. Tunaponunua spika mpya za kwaya hatusemi hakuna fedha.

Nne, tangu siku ya kwanza wapangiwe wanandoa wa umri wa kati wa kutembea nao, wajifunze nyumba za wagonjwa na majina ya watoto, na wawe na seti ya pili ya funguo. Mtume asiye na msaidizi hatimaye huwa mfungwa wa kazi yake.

Tano, tuitumie vizuri Jumapili ya nne ya Julai. Baba Mtakatifu Fransisko aliianzisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani mwaka 2021, jirani na sikukuu ya Watakatifu Yoakimu na Anna. Tumezoea siku hiyo kuwapa wazee khanga, soda na picha ya pamoja. Iwe pia siku ya kuwatuma walio tayari na kuwapumzisha waliochoka.

Kwenu mafrateri wenzangu nina neno la kindugu. Tunajifunza kuhubiri, tunajifunza kuimba, na ni vizuri. Lakini ningeomba katika malezi yetu kila mmoja wetu akae hata majuma mawili na wanandoa wazee wanaotumika, bila daftari la mipango. Sisi tunajiandaa kuahidi useja. Ni haki tuone kwa karibu kile tunachokitoa, tusije tukakidharau tukidhani ni kidogo. Sioni aibu kusema kwamba usiku ule waliopatana, nilipowaona wanakula sahani moja na Mwalimu anamsogezea Mzee kipande cha samaki chenye nyama, nilirudi chumbani na wivu. Nilisali nao, wivu ule, mpaka nikalala. Na swali la Mwalimu lilinijia kwa upande wangu pia: nikiwa na miaka 65, parokiani, nani ataniuliza kama nimechoka? Nadhani jibu linategemea tunavyojifunza kuuliza sasa. Padri asiyejua kumuuliza mwenzake swali hilo hatakuwa na wa kumuuliza.

Baada ya likizo ile nilimwandikia Baba Paroko barua, nikamweleza kuhusu daftari la nauli, kwa ruhusa ya Mwalimu. Alinijibu kwamba aliwaita wote wawili, akakaa nao jioni nzima. Halmashauri ya kigango imechanga nauli ya basi kwenda Njombe, na ya kupitia Arusha kumwona mjukuu. Wamepewa mwezi mzima, na wakirudi, kama wataamua kurudi, watakuwa wameamua wenyewe.

Kimebaki kitu kimoja. Kwenye matangazo ya Jumapili iliyopita Paroko aliomba wanandoa wa kushika kigango kwa mwezi huo: kufungua geti alfajiri, kwenda kwa wagonjwa Jumanne na Alhamisi, kukaa na watoto alasiri. Mpaka ninapoandika hakuna aliyejitokeza, na basi limeshakatiwa tiketi. Kama wewe msomaji unasali huko, na wewe na mwenzako mnajiona mnaweza, funguo ziko kwa Baba Paroko.